Mchanga unaoanguka: Mchezo wa kompyuta usio na mshindi

MICHEZO mingi ya kompyuta humpa mchezaji adui wa kushinda, saa ya kushindana nayo na alama za kujumlisha. Kuna aina moja, hata hivyo, isiyokuwa na lolote kati ya hayo. Mchezaji hufungua ukurasa wa mtandao, hukuta uwanja mweusi mtupu, huchagua mchanga kwenye orodha iliyo pembeni, kisha hubonyeza kipanya na kuanza kuumwaga. Chembe huanguka, hurundikana na kuporomoka kando. Akichoka na mchanga humwaga maji. Akichoka na maji huwasha moto. Hakuna kushinda wala kushindwa, na mchezo huisha pale tu mchezaji anapoamua kwamba umeisha.

Hii ndiyo michezo ya mchanga unaoanguka. Ilianza kuvuma mtandaoni mnamo 2005, ikakaribia kutoweka miaka kumi hivi baadaye bila ya kosa lake yenyewe, kisha ikarudi kwa sura nyingine. Wengi huichukulia kuwa ya kupitishia wakati, na ni kweli inapitisha wakati vizuri mno. Lakini ndani yake mna wazo ambalo wanahisabati walianza kulishughulikia tangu miaka ya 1940, nayo masaibu yaliyoipata yanaonyesha jinsi kazi iliyotungwa kwa ajili ya mtandao inavyoweza kuzimika bila ya mtu yeyote kukusudia kuizima.

Chembe na jirani zake

Uwanja wa mchezo ni jedwali la miraba midogo sana, kila mraba ukiwa nukta moja ya rangi kwenye skrini. Ndani ya kila mraba mna kitu kimoja tu: hewa, mchanga, maji, jiwe, moto na kadhalika. Chembe ya mchanga haina habari za rundo zima lililo chini yake, wala za maelfu ya wenzake wanaoifuata kutoka juu. Inachofanya ni kutazama mraba ulio chini yake. Ukiwa mtupu, inashuka. Ukiwa umejaa, inatazama mraba wa chini ulio kushoto au kulia, na mmojawapo ukiwa mtupu inaporomokea huko. Yote mitatu ikiwa imejaa, inatulia.

Hizo ndizo kanuni zote za mchanga. Hakuna mahali popote katika programu palipoandikwa kwamba mchanga ukimwagwa hufanya rundo lenye kilele, au kwamba ukichimbwa chini, sehemu ya juu huanguka. Mambo hayo hutokea yenyewe, kwa sababu kila chembe imetii kanuni yake na kuwaachia jirani watii yao.

Maji yana kanuni moja zaidi: sehemu zote za chini zikiwa zimejaa, chembe ya maji hutambaa kushoto au kulia. Kwa nyongeza hiyo ndogo maji hutafuta usawa, hujaza mabonde na hupenya kila penye ufa. Gesi na mvuke hufuata kanuni hizo hizo zikiwa zimepinduliwa juu chini. Mafuta huenda kama maji, ila chembe ya maji ikijikuta juu ya chembe ya mafuta, hizo mbili hubadilishana nafasi. Baada ya muda mafuta yote huwa yanaelea. Moto nao hutazama waliouzunguka. Ukimkuta jirani aliye mmea, mafuta au baruti, programu huchagua nambari kwa bahati nasibu, kama mtu anayerusha shilingi, na matokeo ndiyo huamua iwapo jirani huyo atashika moto sasa au ataponea hadi mzunguko ujao. Ndiyo sababu moto wa kwenye skrini hauenei kwa mstari ulionyooka bali kwa ndimi zisizolingana, kama moto wa nyikani.

Ugumu uko mahali ambapo mchezaji hapaoni, nako ni katika kupanga zamu. Kompyuta haizisogezi chembe zote kwa pamoja. Huzipitia moja baada ya nyingine. Mtunzi wa programu akianza na safu ya juu kwenda chini, chembe iliyoshuka mraba mmoja hukutwa tena katika safu inayofuata, ikashushwa tena, na tena, hadi ikafika sakafuni katika mzunguko mmoja. Mtazamaji haoni mchanga ukianguka. Anaona umekwisha kufika. Dawa yake ni kuanza chini kwenda juu. Lakini kwa gesi inayopanda, dawa hiyo ni sumu, maana huirusha darini kwa kufumba na kufumbua. Kwa hivyo watunzi wengi huweka alama kwenye kila chembe iliyokwisha kusogea, ili isiguswe mara ya pili katika mzunguko huo.

Kuna mtego mwingine unaowanasa karibu wote wanaojaribu kuunda mchezo huu kwa mara ya kwanza. Chembe ikiambiwa itazame kushoto kwanza ndipo itazame kulia, mchanga wote hupendelea kuporomokea kushoto, na maji hutiririka kana kwamba kuna upepo usioonekana. Ni sharti upande wa kutazamwa kwanza uchaguliwe kwa bahati nasibu kila mara. Kosa la mstari mmoja wa programu hugeuka kuwa ulimwengu mzima ulioinama.

Hesabu yenyewe si ndogo. Uwanja wenye miraba 300 kwa 300 una miraba 90,000. Ukipitiwa mara 60 kwa sekunde, kompyuta inalazimika kufanya ukaguzi mara 5,400,000 kila sekunde. Kompyuta za nyumbani za mwaka wa 2005 ziliweza kazi hiyo kwa taabu, ndiyo maana michezo ya mwanzo ilikuwa na viwanja vidogo, nayo ilikwenda mwendo wa kobe mchezaji alipojaza uwanja. Siku hizi watunzi hutumia ujanja wa kuziacha sehemu zilizotulia zilale, na kuziamsha pale tu jirani anaposogea.

Wanahisabati na marundo yao

Wazo la ulimwengu wa miraba inayotazamana lilianza katika miaka ya 1940, pale John von Neumann na Stanislaw Ulam, waliofanya kazi pamoja katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani, walipokuwa wakitafakari jinsi mashine inavyoweza kujizalisha. Von Neumann alibuni ulimwengu wa aina hiyo ambamo kila mraba uliweza kuwa katika mojawapo ya hali 29. Alifariki mnamo 1957, na maandishi yake juu ya suala hilo yakachapishwa mnamo 1966 baada ya kukamilishwa na Arthur Burks.

Aliyelifikisha wazo hilo kwa umma ni John Conway, mwanahisabati Mwingereza. Mchezo wake uitwao Mchezo wa Uhai ulielezwa na Martin Gardner katika jarida la Scientific American la Oktoba 1970. Mraba ulio hai hubaki hai ukiwa na jirani wawili au watatu walio hai. Mraba uliokufa hufufuka ukiwa na watatu kamili. Kutokana na hayo tu hutokea maumbo yanayotambaa, yanayopepesa na hata yanayorusha maumbo mengine. Conway aliaga dunia mnamo Aprili 2020 kwa ugonjwa wa Covid-19.

Mchanga wa mtandaoni ni mjukuu wa kazi hiyo, lakini mjukuu aliyekwenda njia yake. Katika mchezo wa Conway miraba yote hubadilika kwa wakati mmoja, na hakuna anayejali iwapo jumla ya walio hai imeongezeka au imepungua. Mchanga hauwezi kufanya hivyo. Chembe mbili zikilitamani shimo moja kwa wakati mmoja na zote zikaruhusiwa kuingia, moja itakuwa imemezwa, na mchezaji atashangaa rundo lake linapungua bila ya kuguswa. Michezo mingi hukwepa tatizo hili kwa zamu, kama ilivyoelezwa. Njia nyingine ilitoka kwa Norman Margolus, ambaye pamoja na Tommaso Toffoli alichapisha kitabu kuhusu mashine za aina hii mnamo 1987: uwanja hugawanywa katika vikundi vya miraba minne minne, na kila kikundi hupanga upya vilivyomo ndani yake pekee. Katika mzunguko unaofuata mipaka ya vikundi husogezwa, ili waliokuwa wametengana wakutane. Hakuna kinachomezwa wala kinachozuka.

Mwaka huo huo wa 1987, wanafizikia Per Bak, Chao Tang na Kurt Wiesenfeld wa maabara ya Brookhaven, jimboni New York, walitumia rundo la mchanga la kwenye kompyuta kwa swali jingine kabisa. Kwao, mraba uliofikisha chembe nne ulibomoka na kumpa kila jirani moja. Walionyesha kwamba rundo la namna hiyo hujipeleka lenyewe hadi ukingoni mwa kuporomoka, mahali ambapo chembe moja ya ziada huweza kutikisa kidogo au kuangusha sehemu kubwa. Mchanga halisi ulipopimwa haukuwa mtiifu sana kwa nadharia hiyo. Watafiti mjini Oslo walipojaribu mchele badala ya mchanga, katika utafiti uliochapishwa mnamo 1996, waliona kwamba mchele wa punje ndefu ulikaribia nadharia, ilhali ule wa punje za mviringo haukufanya hivyo.

Jambo hilo lafaa kukumbukwa na anayedhani kuwa mchezo wa mchanga ni somo la fizikia. Rundo la kwenye skrini huinama kwa nyuzi 45, kwa kuwa kanuni yake ni kwenda hatua moja chini na moja kando. Mchanga mkavu wa ufuoni hutulia kwa takriban nyuzi 34. Mchezo unaiga sura ya mchanga, na kwa hilo unatosha.

Kutoka Japani

Mchezo wa kwanza wa aina hii kupata umaarufu uliitwa World of Sand. Ulitokea mnamo 2005 katika tovuti ya Kijapani iitwayo Dofi-Blog. Juu ya uwanja kulikuwa na midomo minne iliyomwaga bila kukoma mchanga, maji, chumvi na mafuta. Mchezaji alichora kuta za kuzuia na kuelekeza mito hiyo, akapanda mimea iliyokua kwa kunywa maji, kisha, kwa kuwa binadamu ni binadamu, akaichoma. Mtunzi huyo huyo alitoa toleo lililoongezwa viungo, Hell of Sand. Nakala na maigizo yake zikasambaa haraka katika tovuti za Ulaya na Marekani. Kizuizi cha lugha hakikuwepo: asiyejua neno moja la Kijapani alihitaji sekunde chache tu kufahamu kila kitufe kilimwaga nini.

Mnamo 2007 tovuti nyingine ya Japani, Dan-Ball, ilitoa Powder Game. Huu uliongeza upepo na shinikizo la hewa, hivi kwamba mlipuko haukuchoma tu bali pia ulipeperusha. Uliongeza virusi, chungu, ndege na hata vijitu vya vijiti ambavyo mchezaji aliweza kuviongoza. Jambo kubwa zaidi ni kwamba uliwaruhusu wachezaji kuhifadhi kazi zao na kuziweka hadharani ili wengine wazifungue na kuzipigia kura. Kuanzia hapo mchanga ukawa kama karatasi ya mchoraji. Watu walijenga majiji ili yateketezwe, mashine za kusaga, mabomba marefu ya kupitishia maji, na michoro iliyofutika mara tu kitufe cha kuanzisha kilipobonyezwa.

Powder Toy, mchezo wa kupakuliwa ambao maandishi ya programu yake yako wazi kwa umma, ulikwenda mbali zaidi kwa kuongeza joto na umeme. Wachezaji wake wenye subira isiyo ya kawaida wamejenga ndani yake kompyuta ndogo zinazofanya hesabu, zikiwa zimeundwa kwa chembe zinazopitisha cheche. Yaani kompyuta inaiga chembe, na chembe zinaiga kompyuta.

Mlango ulipofungwa

Michezo hii ya mwanzo iliandikwa kwa lugha ya Java, kama apleti. Apleti ilikuwa programu ndogo iliyokaa ndani ya ukurasa wa mtandao, teknolojia iliyoletwa na kampuni ya Sun Microsystems mnamo 1995. Ili ifanye kazi, kivinjari, yaani programu anayoitumia mtu kutembelea tovuti, kilihitaji kupachikwa programu ya ziada ya Java. Na programu hiyo ya ziada ndiyo iliyokuwa mlango wa wezi. Dosari zake za kiusalama zilitumiwa mara kwa mara na wahalifu wa mtandaoni, hata ikafika Januari 2013 ambapo Idara ya Usalama wa Ndani ya Marekani iliwashauri watumiaji wa kompyuta kuizima Java katika vivinjari vyao.

Yaliyofuata yalikuwa mazishi ya hatua kwa hatua. Chrome iliacha kuikubali mnamo Septemba 2015. Firefox ikafuata mnamo Machi 2017. Oracle, iliyoinunua Sun mnamo 2010, ilitangaza katika toleo la Java la Septemba 2017 kwamba teknolojia ya apleti haifai kutegemewa tena. Michezo mingine iliyokuwa imeandikwa kwa Flash haikupata nafuu, kwa kuwa Adobe iliacha kuihudumia Flash mwishoni mwa 2020. Simu za kisasa zilikuwa zimekwisha kutoa hukumu yao mapema: iPhone, tangu ilipozinduliwa mnamo 2007, haikuendesha Java wala Flash katika kivinjari chake. Katika nchi kama Kenya, ambako walio wengi huingia mtandaoni kwa simu, apleti ilikuwa kitu kisichofunguka hata kabla ya kutangazwa kuwa imekufa.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Mlango unaoingiza wezi hufungwa. Lakini waliofungiwa nje hawakuwa wezi pekee. Maelfu ya michezo, vielelezo vya kufundishia fizikia na hisabati, na kazi za sanaa viligeuka kuwa visanduku vya kijivu visivyo na kitu. Katika michezo ya mchanga hasara ilikuwa ya aina mbili. Yenye watunzi waliokuwa bado wanaijali iliandikwa upya. Powder Game ilihamishiwa JavaScript, lugha ambayo vivinjari huielewa vyenyewe, na ungali unachezwa. Ile ambayo watunzi wake walikuwa wameitupa mkono, au walijulikana kwa lakabu tu bila ya anwani, ilibaki kuwa faili ambazo kivinjari hakitaki kuzisoma. Na michoro iliyohifadhiwa kwa utaratibu wa mchezo fulani haifunguki katika mwingine, hata kama mchanga wa pande zote mbili unafuata kanuni zile zile.

Wapo wanaojaribu kuokoa kilichosalia. Mradi wa kujitolea wa Flashpoint umekusanya michezo mingi ya Flash, na ya Java pia, pamoja na programu zinazohitajika kuiendesha nje ya vivinjari vya sasa. Programu iitwayo CheerpJ huwezesha baadhi ya apleti za zamani kufunguka bila ya Java kupachikwa. Kazi hiyo ni ya polepole, na huokoa tu kile ambacho mtu alikumbuka kukinakili kabla ya seva kuzimwa.

Mchanga mpya

Kilichonusurika bila ya msaada wa hifadhi yoyote ni zile kanuni zenyewe. Ni chache kiasi kwamba aliyecheza akiwa mtoto aliweza kuziandika tena kwa kumbukumbu akiwa mtu mzima, katika lugha ambayo haikuwepo alipokuwa akicheza. Ndivyo alivyofanya Max Bittker, Mmarekani aliyeunda Sandspiel, mchezo ambao aliueleza kwa kirefu katika makala ya mwaka wa 2019. Jina hilo huchezea neno la Kijerumani "Spiel", yaani mchezo. Neno la mchanga ni moja kwa Kiingereza na Kijerumani.

Bittker alitumia lugha ya Rust, akaigeuza kuwa WebAssembly, mfumo ambao vivinjari vikuu vilikuwa vimeukubali kufikia mwishoni mwa 2017 na unaoendesha hesabu nzito kwa kasi bila ya kupachika chochote. Upepo hukokotolewa na kadi ya michoro. Mbegu humea na kuchanua, kuvu hutambaa juu ya magogo, na vijidudu hutafuna mimea. Muhimu kuliko yote, mchezo hufunguka katika simu, na kidole ndicho kipanya. Toleo la baadaye, Sandspiel Studio, humruhusu mchezaji kutunga kitu chake mwenyewe kwa kupanga vipande vya maagizo kama matofali: tazama chini, pakiwa patupu, shuka.

Sandboxels, uliotolewa mnamo 2021, umechukua njia ya wingi. Una vitu zaidi ya 500, kuanzia madini hadi vyakula, kila kimoja kikiwa na halijoto yake ya kuyeyuka, kuganda au kuungua. Mchezaji anaweza kupika humo, japo si chakula cha kumtamanisha mtu.

Nje ya vivinjari, kampuni ya Nolla Games ya Finland ilitoa Noita, neno la Kifini lenye maana ya mchawi, kwanza kama toleo la majaribio mnamo Septemba 2019 kisha kikamilifu mnamo Oktoba 2020. Ndani yake kila nukta ya rangi ni chembe inayofuata kanuni, na mchawi anayetembea mapangoni anaweza kuuawa na asidi aliyoimwaga mwenyewe. Huyo ana adui, ana uhai wa kupoteza na ana mwisho wa safari, kwa hivyo wapenzi wa mchanga wa kale hubishana iwapo kweli ni wa ukoo wao.

Mgeni wa michezo hii hahitaji kujiandikisha wala kulipa ili aanze kucheza Sandspiel, Powder Game au Sandboxels mtandaoni. Jaribio zuri la kuanzia ni kuchora bakuli la ukuta, kulijaza maji nusu, kumwaga mafuta juu yake na kungoja yatengane. Kisha moto uwekwe pembeni kabisa, chembe moja tu. Pakitobolewa tundu chini ya bakuli kabla ya moto kufika upande wa pili, maji hutoka kwanza na mafuta yanayowaka hushuka polepole kuyafuata.